Milia Hakai Mlimani

"Mjomba, kule juu ya Kilimanjaro kuna panya?"

Wapo, mwanangu. Wapo tele. Na umeuliza swali ambalo watu wazima wengi hawaliulizi. Wao wakiutazama mlima wanaona theluji. Wakiupanda wanatafuta kilele. Wewe umetazama chini, miguuni. Hongera sana! Huko chini miguuni ndiko kwenye hadithi.

Sogea basi. Leo nitamwachia panya mwenyewe aanze kusema. Tutamwita Milia, kwa sababu mgongoni ana mistari minne myeusi, kutoka shingoni hadi mkiani. Ni mdogo. Ukimweka kwenye mizani utasoma gramu 40 hivi, basi. Anaishi kwenye nyasi na vichaka vilivyo juu ya msitu, jirani na kituo cha Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Wageni wanaolala pale humwona mchana kweupe akikatiza kati ya vibanda. Wagumu, wale vijana wanaobeba mizigo ya wapanda mlima, wanamjua vizuri sana.

Milia anasema hivi:

"Mnaniita panya wa mlimani. Mimi sikai mlimani. Mimi nakaa chini ya nyasi."

"Lakini Mjomba, nyasi zenyewe si ziko mlimani?"

Ziko. Subiri kidogo, utamwelewa.

Tuupande mlima kwanza. Tukitoka Moshi mjini tunapita mashamba ya migomba na kahawa. Halafu msitu mnene unaodondosha maji. Tukifika kama mita 3,000, msitu unakwisha. Tunaingia kwenye vichaka vya erika, vyenye majani membamba na ndevu za kuvumwani zinazoning'inia. Juu yake kuna nyasi zinazoota kwa mashungi, na mimea ya ajabu: senesio wakubwa wenye shina nene kuliko kiuno cha mtu, na lobelia wanaosimama peke yao bondeni. Tukivuka mita 4,000 nyasi zinaanza kupotea. Inabaki changarawe, mawe na upepo. Kisha barafu, na kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Kila tukipanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi 6. Na huko juu mchana na usiku havifanani hata kidogo. Mchana jua linachoma ngozi. Usiku maji yanaganda. Hata unyevu ulio ndani ya udongo unaganda, ukasimama juu kama sindano ndogo ndogo za barafu, na asubuhi unasikia zikivunjika chini ya viatu. Jua la mchana na barafu ya usiku, leo na kesho, mwaka mzima.

"Sasa Milia haoni baridi?"

Anaona! Tena anaona kuliko wewe. Fanya jaribio hili nyumbani. Mama akipika uji, mwombe achote kikombe kimoja, na sufuria ibaki na uji wake. Viweke vyote nje, asubuhi yenye upepo. Rudi baada ya muda mfupi. Kikombe kimepoa. Sufuria bado inatoa mvuke. Uji ni ule ule, moto ulikuwa ule ule. Lakini kikombe kina uji kidogo, na karibu wote uko pembeni, karibu na upepo. Uji wa sufuria umejificha katikati.

Wewe, mwanangu, ni sufuria. Mondo anayewinda kwenye nyasi zile ni sufuria. Milia ni kikombe. Joto lake linamtoka haraka mno. Basi inambidi achochee moto wake kila siku kwa kula: mbegu, majani, matunda ya vichaka, hata wadudu. Mtu anaweza kushinda njaa siku nzima akalalamika tu. Milia akikosa chakula kwenye baridi kali, yuko hatarini kweli.

"Basi si ateremke, Mjomba? Aende chini kwenye migomba, kuna joto!"

Wazo zuri, na wengi wangejibu hivyo. Lakini hesabu safari yenyewe. Kutoka Horombo hadi kwenye migomba ni kilomita nyingi za vichaka na msitu. Kila mahali pana panya wengine wenye maeneo yao. Pana ndege wa kuwinda. Na ateremke kila jioni, apande kila asubuhi? Panya wa mlimani hafuati joto kwa kuteremka mlima. Analifuata kwa hatua chache tu.

Msikie mwenyewe:

"Upepo ukivuma, mimi naingia chini ya nyasi. Hatua chache tu. Jua likichoma, naingia chini ya nyasi. Hatua chache tu. Barafu ikianguka, natoboa chini zaidi, kwenye shimo langu lenye majani makavu. Hatua chache tu!"

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonifanya niwapende hawa viumbe. Shungi la nyasi za mlimani lina majani mabichi juu na majani yaliyokufa chini. Yale yaliyokufa hayadondoki. Yanabaki yameshikana, tabaka juu ya tabaka, na hewa imenaswa ndani yake. Upepo haupiti. Usiku nje kunaganda, ndani ya shungi kunabaki na uvuguvugu. Senesio naye hufanya hivyo hivyo: majani yake yaliyokufa hayaanguki, yanabaki yamelizunguka shina, na shina linakingwa dhidi ya barafu. Sisi tunapima hali ya hewa ya mlima kwa kipimajoto kilichotundikwa juu, mahali pa kifua cha mtu. Milia haishi mahali pa kifua cha mtu. Anaishi sentimita chache kutoka ardhini, na huko kuna hali ya hewa nyingine kabisa. Umeona sasa kwa nini anasema hakai mlimani?

"Na anajuaje njia humo ndani? Si giza?"

Kuna wajenzi wa njia. Mmoja ni jirani wa Milia, panya mnene mwenye uso mfupi na masikio ya mviringo. Meno yake ya mbele yana mifereji midogo iliyochongwa kutoka juu hadi chini. Tumwite Mama Mifereji. Yeye anakula nyasi zaidi ya kitu kingine chochote. Anakata unyasi kwenye shina, anautafuna, anasogea, anakata mwingine. Kila siku anapita pale pale. Polepole inatokea njia safi, upana wa mwili wake, na nyasi zimeifunika juu. Ukisimama wima huioni. Ukipiga magoti ukatenganisha nyasi, hiyo hapo! Na njiani amekuachia vipande vya nyasi alivyovikata, vimelala kwa vifungu vidogo vidogo.

Njia moja inakwenda kwenye shimo. Nyingine inakwenda kwenye majani mabichi. Nyingine inakwenda kwenye jiwe kubwa lenye uwazi chini yake. Njia hizi ni mali kubwa kuliko chakula. Kipanga anazunguka juu na macho yake makali. Anayekimbia ndani ya njia haonekani, wala hajikwai.

"Na watoto wake? Wanajifunza vipi njia?"

Ah, hili utalipenda. Watoto wa Mama Mifereji huwa wachache, na huzaliwa tayari wana manyoya na meno. Wananyonya huku wameng'ang'ania chuchu. Mama akishtuka akakimbia, hawaachii! Wanaburutwa naye, kona kwa kona, mpaka shimoni. Hivyo mtoto anaanza kuzijua njia za nyumbani akiwa bado hajatembea kwa miguu yake mwenyewe.

Kuna na mwingine, mdogo kuliko wote. Ni panya mpandaji. Ana mstari mmoja mweusi mgongoni, na mkia mrefu kuliko mwili wake. Mkia ule anauzungusha kwenye bua la nyasi, akapanda juu kama fundi aliyejifunga kamba. Anasuka kiota cha mviringo kwa nyasi, akajifungia humo mchana. Yeye hutembea usiku.

"Usiku! Na baridi yote ile?"

Usiku, mwanangu. Milia anachukua mchana, mpandaji anachukua usiku. Milia anapita chini, mpandaji anapita juu ya mabua. Uwanja ni mmoja, nao wanaweza kuishi humo miezi na miezi bila kugombana mlangoni. Ukiuliza "panya huyu anakaa wapi?" umeuliza nusu ya swali. Nusu nyingine ni "saa ngapi?"

"Lakini Mjomba, nani amewaona wote hawa?"

Sasa unauliza kama mtafiti! Alikuwepo mtu mmoja, William Stanley, wa Jumba la Makumbusho la Field kule Chicago, Marekani. Alifanya kazi miaka mingi kwenye milima ya Tanzania. Yeye na wenzake, Watanzania wakiwemo, walikwenda upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro. Waliweka mitego katika vituo vitano: karibu mita 2,000, kisha 2,500, 3,000, 3,500 na 4,000. Unajua chambo kilikuwa nini? Nazi iliyokaangwa, ikapakwa siagi ya karanga! Panya wa Kilimanjaro hajawahi kuuona mnazi, lakini mafuta anayajua kwa harufu. Kikombe kinachopoa haraka kinapenda mafuta.

Walizika na ndoo ardhini, mdomo wa ndoo sawa na udongo, wakasimamisha ukuta mfupi wa plastiki ukipita juu yake. Mnyama mdogo akifika kwenye ukuta haurukii. Anaufuata pembeni, kama alivyozoea kufuata pembeni mwa jiwe au gogo. Tumbukizi! Ameingia ndooni. Hasa kirukanjia ndiye aliyenaswa hivi. Kirukanjia ana pua ndefu na sura ya panya, lakini si panya. Anakula wadudu, ana ukoo wake. Yupo mmoja ambaye duniani kote anaishi Kilimanjaro peke yake. Zamani alijulikana kwa vielelezo vichache tu. Stanley na wenzake wakamkuta katika vituo vyote isipokuwa kile cha chini kabisa. Alikuwepo siku zote, watu hawakuwa wamemtafuta kwa ndoo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Aina 16 za wanyama wadogo: panya aina 10, virukanjia aina 6. Sasa nikuulize wewe. Unadhani aina nyingi zaidi zilikuwa kituo kipi?

"Cha chini kabisa, kwenye joto!"

Na mimi ningesema hivyo hivyo. La, kilikuwa kile cha kati, mita 3,000. Kumbuka safari yetu. Mita 3,000 ndipo msitu unapokwisha na vichaka vinapoanza. Pale kuna magogo ya msituni, na kuna vichaka vya erika, na kuna nyasi za wazi. Sehemu za kujificha za kila namna zimekutana, na wenyeji wa kila namna wamekuja. Joto peke yake halimwiti panya. Anaitwa na mahali pa kuingia.

Angalia na hili. Kituo cha mita 3,500 kilinasa panya wachache mno. Ungesema basi, mlima umewashinda. Lakini juu zaidi, mita 4,240, kwenye mtego wao wa mwisho kabisa, nani alikutwa? Yule mdogo kuliko wote! Mpandaji, mwenye mkia wa kujishikiza. Na ndiye panya pekee aliyepatikana katika vituo vyote, kuanzia msitu hadi mpakani mwa changarawe. Mimi nikifikiria kiwiliwili kile kidogo kikitembea usiku mita 4,240, moyo wangu unajaa heshima.

Stanley aliaga dunia mwaka 2015 akiwa kazini kwenye milima ya Ethiopia, akiwatafuta wadogo hawa hawa. Nataka ulikumbuke jina lake.

"Mjomba, Milia anaogopa nini kuliko vyote? Baridi?"

Tumuulize.

"Naogopa mahali patupu," anasema Milia. "Baridi naijua dawa yake. Mahali patupu hapana dawa. Nikifika ukingoni mwa nyasi nasimama. Nanusa. Nasikiliza. Halafu nakimbia! Upana wa njia wanayopita watu ni safari ndefu kwangu kuliko usiku mzima chini ya nyasi."

Ndiyo maana moto unaumiza sana huko juu. Oktoba 2020 moto mkubwa uliwaka Kilimanjaro, ukala vichaka na nyasi kwa siku nyingi. Watu mia kadhaa walipanda kuuzima, wanafunzi wakiwemo, na wengine walipiga moto kwa matawi. Panya aliyezama shimoni anaweza kuokoka, maana udongo hauruhusu joto kuzama mbali. Lakini anatoka na kukuta nini? Majivu. Njia zimekwisha. Paa limekwisha. Usiku baridi inamfikia moja kwa moja, na mchana kipanga anamwona kutoka mbali. Shungi la nyasi linachipua tena kwa haraka kidogo. Kichaka cha erika kinachukua miaka.

Na kuna kitu kingine kinachobadilisha mwendo wa Milia: chakula cha watu. Makombo ya mkate, wali uliomwagika, maganda ya karanga. Panya wa porini alikuwa na njia zake kumi, na chakula kidogo kila mahali. Makombo yanapokuwa mengi, anaacha njia zote anabaki na moja, ile ya jikoni. Wanarundikana wengi mahali pamoja, na wakirundikana wanaambukizana magonjwa. Kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe nao wanashuka hapo hapo. Anayemtupia panya wa Horombo kipande cha biskuti anadhani amemsaidia. Ukifika huko, usimtupie. Mtazame tu.

"Wako na kwenye milima mingine?"

Wako, na kila mlima una ufundi wake. Nikupeleke Ethiopia, milima ya Bale. Kule kuna fuko mkubwa asiyepatikana popote pengine duniani. Anafikia karibu kilo moja. Macho yake yako juu kabisa ya kichwa. Kwa nini? Kwa sababu anachungulia kutoka shimoni, na hatari inatoka juu! Yeye hana haja ya njia chini ya nyasi. Anachimba ardhini mpaka chini ya chakula chake. Anatoa kichwa, anatoa mabega, anavuta majani yaliyo karibu na mdomo wa shimo, anarudi kinyumenyume. Majani ya hapo yakiisha, anatoboa tundu jingine. Jioni anaziba mlango kwa udongo, baridi inabaki nje. Mbwa mwitu wa Ethiopia, mwenye manyoya mekundu na miguu mirefu, anamvizia. Anakaa kimya karibu na tundu, ametega masikio. Fuko akichelewa kurudi kinyumenyume, basi tena.

Na ukitaka aliyepanda juu kuliko wote, twende Amerika ya Kusini. Mpakani mwa Chile na Argentina kuna mlima wa volkano, Llullaillaco. Mwaka 2020 watafiti walimnasa panya hai kileleni kabisa, mita 6,739. Hakuna mnyama anyonyeshaye aliyewahi kukamatwa mahali palipo juu kuliko hapo. Kileleni hapaoti hata unyasi mmoja. Ni mawe tu.

"Kwa hiyo yule hakai chini ya nyasi!"

Safi kabisa! Umemkamata mjomba wako. Yule nyasi zake ni mawe. Kati ya jiwe na jiwe kuna uwazi, na ndani ya uwazi upepo hauingii. Hatua chache tu, hata huko.

"Na mimi nataka kuona njia za panya. Lakini sikai karibu na Kilimanjaro."

Huhitaji Kilimanjaro. Tafuta mahali penye nyasi ndefu ambazo hazijafyekwa: kando ya uwanja wa shule, pembeni mwa shamba, karibu na mfereji. Mwombe mtu mzima aende nawe. Chukua kijiti kirefu. Usitumie mkono, nyoka naye anazipenda njia hizi. Na panya usimguse kamwe, awe hai au amekufa, maana viroboto wake hubeba magonjwa makali. Inama. Kwa kijiti, tenganisha nyasi pale zinapokutana na udongo, polepole, kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Unatafuta vitu vitatu: ukanda mwembamba wa udongo uliosuguliwa, vipande vya nyasi vilivyokatwa urefu unaofanana, na vinyesi vidogo vya mviringo. Ukivipata vyote, ufuate ule ukanda kwa kijiti uone unakwenda wapi. Uchore kwenye daftari. Andika na saa. Kisha urudi kesho yake saa nyingine, uone kama kuna kipande kipya kilichokatwa.